Matusi Niliyomnyima Fonsi

Likasi, Jumapili, mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na moja jioni. Mvua ilianza kabla ya misa ya kwanza, ikaacha saa nane. Barabara yetu hapa Kikula imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kuku wa jirani wamejipanga kwenye ngazi yangu kana kwamba wanangoja kupimwa suruali. Hali ya moyo: haijulikani.

Nimeutafuta moyo wenyewe tangu asubuhi, kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni, kwa kiganja, polepole.

Sikuchomwa.

Leo zimetimia wiki tatu tangu tumzike rafiki yangu Alphonse, tuliyemwita Fonsi. Sijalia. Hilo watu wanaweza kunisamehe, maana kwa mila yetu kulia hakukuwa kazi yangu. Kosa langu ni kwamba sikumtukana.

Nieleze, kwa ajili ya wanaosoma kutoka mbali. Mimi, Deo mshonaji, ni wa ukoo wa Mvua. Fonsi alikuwa wa ukoo wa Uyoga. Kati ya Mvua na Uyoga kuna kitu tunachokiita bunungwe, na wenzetu wa Tanzania wanakiita utani. Sisi Mvua tunajigamba kwamba tusiponyesha wao hawaoti, kwa hiyo tumewazaa. Wao wanajibu kwamba mvua ni mjinga, anamwaga tu bila kujua ameotesha nini. Naweza kuingia jikoni kwao nikafunua sufuria bila kubisha hodi. Wanaweza kunivua kofia barabarani. Hakuna heshima kati yetu, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mmoja wao akifa, familia inalia. Mimi nasimama mbele ya jeneza na kumtukana maiti. Nasema alikuwa mlafi, nasema kifo kimepata hasara, nasema asipewe nafasi karibu na watu wazuri. Naendelea hivyo mpaka wale waliokuwa wakilia wacheke, kamasi zikiwa bado puani. Hapo kilio kinalegea, mkeka unaweza kukunjwa, na watu wanarudi kwenye viti vyao na vitanda vyao. Ni kazi kama kazi nyingine. Wengine wanachimba kaburi, mimi natukana.

Na katika kazi hii nina jina, nisijifanye. Wateja wangu wa cherehani wanalalamika sana juu yangu, lakini wa misiba hawajawahi.

Basi siku ya Fonsi nilisimama. Watu wote wakanyamaza. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, kwa kujiandaa. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, si neno wala pumzi ya maana. Nilisimama hivyo kwa muda wa kupiga pasi shati moja la mikono mirefu, kisha nikaketi.

Mama yake Fonsi anaitwa Mama Vero, na umri wake unagonga themanini. Tangu siku ile yuko chini, kwenye mkeka wa kilio, sebuleni kwake kule Panda. Kiti hataki. Kitanda hataki. Anasema atainuka munungwe akishasema, na munungwe, yaani mtani, ni mimi. Sakafu ya sementi, mwezi wa mvua, magoti ya miaka themanini. Hayo mengine nitakayoandika hapa chini yanahusu mwimbaji na kaseti zake na watu wanaogombana kwenye simu, lakini msisahau magoti hayo. Mimi nilijaribu kuyasahau, sikuweza.

Mke wangu Adele aliniambia juzi mezani: "Weye unakulaka sasa sawa mutu anaweka bukari mu mufuko." Nilitazama sahani. Ilikuwa tupu. Sikumbuki ugali huo tulikula na mboga gani.

Mwimbaji ni Sidonie, mdogo wake Fonsi. Anatunga mwenyewe, anapiga gitaa mwenyewe, na siku hizi anaishi Lubumbashi. Zamani, alipokuwa bado anauza kaseti hapa sokoni, upande wa kwanza aliweka nyimbo za kuchezea harusini. Upande wa pili aliweka zile ambazo muuzaji alimwambia waziwazi kwamba hazitauzika. Gitaa la pili lilikuwa la Fonsi. Wiki nzima alikuwa Mwadingusha kwenye mitambo ya umeme. Jumamosi alishuka mjini, akanawa mikono kwa sabuni ya mawe, akapiga gitaa.

Muuzaji alikosea. Kaseti zimeoza, harusi zenyewe nyingine zimeoza, lakini nyimbo za upande wa pili zimeingia kwenye simu na kuzunguka dunia. Kuna kikundi cha WhatsApp cha mashabiki kinachoitwa Upande wa Pili. Msimamizi ni kijana mmoja wa Kolwezi, Trésor, mwalimu wa fizikia. Yupo mama mmoja wa Bujumbura, Espérance, ambaye huanza kila ujumbe kwa kutuombea amani na kuumaliza kwa kutulaani. Yupo kijana wa Nairobi. Wapo wengine wengi. Mimi niliingizwa na Fonsi mwaka juzi.

Fonsi mwenyewe alikuwemo kwa jina la uongo. Alijiita Shabiki wa Kawaida. Alikuwa akisubiri watu watulie, kisha anaandika kwamba gitaa la pili kwenye nyimbo zile ni baya sana, linaharibu kila kitu. Kisha anakaa pale dukani kwangu, simu mkononi, akisoma jinsi wanavyomtetea yeye dhidi ya yeye. Alicheka mpaka anashika meza ya kukatia.

Hakuna aliyegundua kwamba Shabiki wa Kawaida amenyamaza.

Miezi michache iliyopita Sidonie alitoa video fupi. Alisema albamu yake mpya itaitwa Mukeka, na nyimbo zake zote zitakuwa kisa kimoja. Ni kilio kimoja, tangu sauti ya kwanza alfajiri mpaka siku mkeka unakunjwa. Akasema wimbo wa mwisho atauchukua kutoka zile za zamani za upande wa pili, ila hajaamua ni upi. Alisema hivyo kwa kutabasamu, kama mtu anayeacha mlango wazi ili hewa ipite. Mashabiki waliingia na mapanga.

Wapo wanaotaka "Kilo Moja ya Chumvi." Wapo wanaotaka "Dirisha ya Shituru," na hao wana hoja, ni wimbo mzuri. Lakini vita yenyewe ilikuwa juu ya wimbo ambao hakuna aliyeutaka, nao ni "Mutu ya Bure." Mwimbaji anamwambia mzee aliyekufa kwamba viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko akili yake. Anamwambia kuku wamefurahi. Kisha kinakuja kiitikio:

Muzee, rudisha nyundo ya baba,
usilale nayo mu udongo.
Mulango yetu inalia,
na weye unaenda kulala.

Mama Espérance aliandika: "Amani iwe nanyi. Mtu anayemtukana maiti hakunyonya vizuri. Wimbo huo ukiingia kwenye albamu ya msiba, mimi natoka kikundini na mtanikumbuka."

Trésor aliandika kurasa. Kwake nyundo ni kazi ya mgodini, mzee ni wale waliotufanyisha kazi hiyo, mlango ni nchi. Kijana wa Nairobi akamjibu: "Mwalimu, heshima, lakini hiyo nyundo ni haki. Ya mahakamani. Iko wazi kabisa." Wakaenda hivyo siku mbili. Mwingine akaleta picha ya nyundo.

Sasa ungamo.

Maneno ya "Mutu ya Bure" ni yangu. Alipokufa Mzee Lwamba, mjomba wao Fonsi na Sidonie, mimi ndiye niliyemtukana, nikiwa bado kijana mwenye kiuno. Sidonie alikuwa msichana, ameketi nyuma ya wanawake, na nilimwona akiandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu. Nilidhani anaandika majina ya waliochanga unga. Baadaye nikasikia matusi yangu kwenye kaseti, yamenyooshwa, yameoshwa, yanaimbwa. Alitaka kuandika jina langu kwenye jalada, nikakataa. Mshonaji akijulikana kuwa pia ni mtunzi, watu watapata sababu ya kweli kwa nini suruali zao zinachelewa.

Kuhusu nyundo: Mzee Lwamba aliazima nyundo kwa baba yangu, na hakuirudisha. Basi. Hakuna mgodi, hakuna mahakama. Mlango wetu ulikuwa umelegea bawaba, unalia kila ukifunguliwa, na unalia mpaka leo, maana ndio huohuo. Niliposimama mbele ya jeneza lake niliidai nyundo kwa sauti kubwa, nikajifanya nataka kumpekua mifukoni. Mama Vero, dada yake marehemu, alicheka mpaka kitambaa kikaanguka kichwani. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu leo hakuna mwingine wa kunisemea.

Jumanne Sidonie alinipigia.

"Munungwe," alisema, "ungali unapumua? Minye nilizani mvua imekauka."

Nilisema niko.

Alisema nyimbo zote za Mukeka zimesharekodiwa, isipokuwa ya mwisho. Hataki tena kuchukua ya zamani. "Mutu ya Bure" ni ya mjomba, alisema, na sasa kuna maiti mpya mwenye haki ya matusi yake. Fonsi aliacha ameshapiga gitaa, dakika tatu, bila kujua anapigia nini. Alhamisi hii inayokuja ndiyo siku ya mwisho studio. Anataka maneno yangu juu ya kaka yake, kama nilivyofanya kwa mjomba.

"Haiko," nilimwambia. "Nimetafuta."

"Basi nitaacha gitaa peke yake. Batu batasikia kimya." Nikasikia motokaa zikipita kwake. "Minye naweza kutoa albamu na kimya. Lakini Mama iko chini. Magoti yake inavimba sawa mikate. Nilifika hapo juzi, nikamubembeleza, nikamupigia gitaa. Hakuamuka. Anasema, Deo hajasema. Sasa weye unanifanya minye nini?"

Alikata simu bila kuaga, jambo ambalo kwa watani si vibaya, ila kwa kawaida anakata akicheka.

Kwa hiyo Jumatano nilijaribu, kama fundi. Nilifungua daftari la vipimo, nikaandika jina la Fonsi juu, nikaanza kupima. Ulafi: hapana, alikuwa akila kidogo, sukari ilimkataza. Uvivu: hapana. Wanawake: mmoja, na alimtangulia kufa. Ubahili: nilikaa sana kwenye neno hilo, nikakumbuka alivyoniletea samaki wa Mwadingusha kila mwisho wa mwezi, nikalifuta. Ni vigumu kumtukana mtu mwema. Nikiangalia sasa naona hilo lenyewe lingekuwa tusi zuri, kwamba amenikosesha kazi. Lakini Jumatano sikuliona. Niliona ukurasa wenye jina na mistari minne iliyofutwa, kama vipimo vya mtu asiye na mwili.

Nikashona. Mikono inashona yenyewe, haijauliza chochote tangu mazishi.

Ijumaa nikafanya upuuzi. Kikundini walikuwa wamefikia kura. "Mutu ya Bure" ilishindwa vibaya, na Mama Espérance alikuwa anaomba sasa ufutwe kabisa kwenye orodha, watoto wasiukute. Sijui kilichonipata. Si hasira, hasira ningeitambua. Nadhani nilichoka tu kusoma. Niliandika, kwa kidole kimoja kama ninavyoandika siku zote:

"Nyundo ni nyundo. Mzee aliazima hakurudisha. Maneno yale niliyasema mimi kwenye kilio, ni desturi yetu ya bunungwe, si chuki. Namjua Sidonie tangu ana meno ya utoto."

Kisha Trésor:

"Papa Deo, na heshima yote. Minye nimesikiliza ile wimbo miaka kumi. Nyundo haiwezi kuwa nyundo tu."

Nikamjibu kwamba ilikuwa na mpini wa mti, umefungwa waya.

Kijana wa Nairobi akasema: "Mzee, hiyo ni tafsiri yako, na tunaiheshimu."

Mama Espérance hakunitakia amani hata kidogo. Aliandika kwamba kama kweli maneno ni yangu, basi aliyosema juu ya kunyonya yanabaki palepale.

Halafu Trésor akanikumbusha sheria ya kikundi, ile ya tatu. Ni marufuku kudai kwamba unamjua msanii. Ilibidi iwekwe, kwa sababu walikwishatokea wanaume watatu, kila mmoja akijitambulisha kuwa mume wa Sidonie, na wawili walikuwa wanaelewana vizuri. "Sheria ni sheria, Papa," aliandika. "Hata kwa wazee." Na akaniondoa.

Nilitazama kile kiandiko cha kijivu kinachosema umeondolewa. Siku nyingine ningecheka mpaka Adele atoke nje kuuliza. Niliweka simu kwenye droo ya vifungo nikarudi kwenye pindo la suruali.

Leo baada ya misa nikaenda Panda. Sikuwa na neno lolote mkononi. Nilikwenda kumwomba Mama Vero anisamehe, ainuke bila mimi, wamtafute munungwe mwingine. Wapo vijana wa Mvua wanaojua kutukana, ingawa wanatukana haraka mno.

Nilimkuta palepale. Mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, kanga imefunika magoti, lakini hata chini ya kanga niliona ukubwa wake. Viti vinne vya sebule vilikuwa vimepangwa ukutani kama watu walioitwa kutoa ushahidi. Nikaketi chini, si kwa heshima, ni kwa sababu sikuthubutu kukaa juu kuliko yeye.

"Umeleta?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Nimefukuzwa."

"Na muke yako?"

"Bado. Ni mu telefone."

Ikabidi nimweleze. Si rahisi kumweleza mama wa miaka themanini kikundi cha WhatsApp, na sheria ya tatu, na mwalimu wa fizikia. Nilieleza bila ladha, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Alisikiliza na jicho moja limefumbwa. Nilipofika kwenye nyundo, kwamba watu wa nchi nne wamegombana siku mbili kuhusu maana yake, alifumbua lile jicho.

"Nyundo gani?"

"Ile ya baba yangu. Ile Mzee Lwamba aliazimaka."

"Ile ya waya ku mupini?"

"Njo ile."

"Kwani banaitafutia nini?" akasema Mama Vero. "Si iko chini ya kitanda yangu."

Niligeukia mlango wa chumba chake.

"Iko pale tangu Lwamba anakufa," aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Fonsi njo alikuwaka anaitumia. Alipigilia na iyo madirisha yote ya nyumba hii. Nilimwambia, mutoto, peleka nyundo ya batu. Anasema, Mama, nikiirudisha Deo atakosa wimbo."

Nataka niandike hapa kilichotokea ndani yangu, maana shajara ni ya hayo, lakini kwa kweli ndani hapakutokea kitu. Kilichotokea kilitokea mdomoni. Nilijisikia nikisema:

"Kumbe alikuwa mwizi."

Mama Vero akageuza kichwa.

"Mwizi," nikasema tena. Sauti ilikuwa ile ninayosomea vipimo, kiuno, paja, urefu. "Alphonse, mwizi weye. Unakaa juu ya nyundo yangu, na unapiga gitaa ku wimbo ya kuiomba. Njo maana haukukosea hata mara moja. Mwizi hanaka haraka. Miaka yote hii unaingia kwangu, mulango inalia, unasimama pale unasema, Deo, hii mulango inaomba musumari. Na nyundo iko kwako. Batu banasema ulikufa na sukari. Bongo, banadanganya. Ulikufa na haya. Tena ulikufa Jumamosi, ili batu bakuwe mingi ku kilio, njo ujinga yako ya siku zote. Bale benye kukupokea kule bafunge vyombo vyao. Bakikupa gitaa, bahesabu nyuzi jioni."

Nilipofika hapo niliona mkeka unatetemeka. Nilidhani analia. Mama Vero alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, machozi yanashuka pande zote mbili za pua, na mabega yanapanda na kushuka. Alijaribu kusema kitu, akashindwa, akanipiga begani kwa ngumi ndogo. Kisha cheko likatoka lenyewe, la nguvu, na kikohozi nyuma yake, na cheko tena nyuma ya kikohozi. Mjukuu wake alikuja mbio kutoka uani na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, asijue amwokoe nani.

"Sema tena," aliniambia Mama Vero alipopata pumzi. "Sema tena polepole, mu telefone. Sidonie asikie."

Nikarekodi. Nilisema yote upya, na mengine yakaongezeka, kuhusu alivyoimba kanisani, kuhusu masikio yake, kuhusu Shabiki wa Kawaida, ambaye mama yake hakuwa na habari naye na ilibidi nieleze katikati ya tusi. Kila neno lilitoka mahali pake. Nilikuwa kama mashine iliyotiwa uzi na mtu mwingine. Mama Vero alicheka upya palepale alipocheka mara ya kwanza, na mjukuu naye, na jirani aliyekuja kuuliza kama kuna msiba mpya. Mimi sikucheka. Munungwe hachekagi kwenye kazi, ndiyo sheria, ila leo haikuwa sheria iliyonizuia.

Nikatuma.

Kisha Mama Vero akanyoosha mkono. Mimi nikashika upande huu, mjukuu upande ule. Magoti yalichukua muda wake. Yalilia kuliko mlango wowote ninaoujua. Tukamketisha kwenye kiti cha kwanza, akashika mikono ya kiti, akaangalia sebule kutoka juu kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta wamehamisha vitu. Akamwambia mjukuu akunje mkeka. Akamwambia atandike kitanda, na shuka iwe ile ya maua, si ya mistari. Akaomba munkoyo. Alikunywa kikombe kizima bila kukitua.

Nyundo aliniambia niichukue. Nilimwambia abaki nayo, nikienda nayo nitakuwa nimemwachia Fonsi jina safi.

Nilipokuwa navaa viatu ndipo nikasema lile ambalo nadhani nilikuwa nalo tangu siku ya jeneza, ila lilikuwa limekaa chini ya mengine. Tulikuwa tumeahidiana, mimi na Fonsi, tangu tukiwa vijana. Atakayetangulia atatukanwa na atakayebaki. Kila mmoja wetu alikuwa akiweka akiba ya makosa ya mwenzake. Ya kwake juu yangu ilijaa, maana mimi humpatia mtu yeyote kazi rahisi; yangu juu yake ilibaki tupu.

"Mama," nikasema, "sasa minye nikikufa, nani atanitukana? Kazi ilikuwa ya Fonsi."

Aliniangalia kuanzia kiatu mpaka kichwa, bila haraka, kama anavyoangaliwa mbuzi sokoni.

"Minye," alisema. "Iko mingi ya kusema. Lakini fanya mbio, Deo. Minye sina myaka ya kungojea mutu ya polepole sawa weye."

Nikamwambia nitajitahidi.

Nimerudi kwa miguu, Panda mpaka Kikula, nikikwepa madimbwi. Nilitegemea kwamba njiani kitu kitaachia. Nilitembea polepole makusudi, nikakipa nafasi. Nilisimama hata pale kwenye reli ambapo tulizoea kuagana, nikangoja kidogo, na mtu wa baiskeli akaniuliza kama nimepotea. Hakuna kilichoachia. Nimefika nyumbani nikiwa mzima, mkavu, soksi zimelowa. Adele ameniuliza imekuwaje, nikamwambia Mama Vero amekaa kwenye kiti. Alishika kifua chake kwa mikono miwili. Nilimwangalia akifurahi na nikaona inapendeza.

Trésor ameandika pembeni. Anasema amenirudisha kikundini kwa masharti, na anauliza ule waya kwenye mpini ulikuwa wa shaba au wa chuma, maana inabadilisha mambo. Nitamjibu kesho, nikimaliza sare za kwaya. Kuna sketi kumi na mbili zinazongoja kiuno.

Na Sidonie amejibu. Ni sauti ya dakika tatu. Najua hawezi kuongea dakika tatu bila kunitukana na kukata, kwa hiyo si maongezi. Atakuwa ameyalaza maneno yangu juu ya gitaa la Fonsi ili nisikie yanavyokaa. Simu iko hapa mbele yangu, karibu na daftari. Nimeigusa mara mbili.

Naogopa kuifungua.

Hali ya moyo: hofu. Si haba.